Betri Isiyo na Hatia

Ukitaka kujua kama baridi ya Mlima Meru imeshuka hadi Kimandolu, Arusha, usihangaike kutazama makoti ya watu. Sikiliza malori. Kuanzia Juni mpaka Agosti, alfajiri kabla daladala hazijaijaza barabara ya Moshi, injini za dizeli zilizolala vichochoroni huamshwa moja baada ya nyingine. Yenye afya hunguruma mara moja. Nyingine huzunguka kwa kujivuta, ikatoa moshi mweupe, ikanyamaza. Na ipo ambayo haisemi kitu zaidi ya "tik" moja kavu. Kinachofuata ni mlango wa dereva kubamizwa.

Makala haya yanaihusu hiyo ya mwisho, kwa sababu kabla ya saa tatu asubuhi hukumu yake huwa imeshatoka bila shahidi hata mmoja.

"Mzee, betri zimekufa hizi."

"Kijana, nimezinunua mwaka jana tu!"

"Za siku hizi hazidumu, mzee wangu."

Mzee ataingia mjini, atatoa mamia ya maelfu ya shilingi, atarudi na betri mbili mpya. Lori litawaka. Kila mtu atafurahi, na fundi atapewa chake. Wiki kadhaa baadaye, alfajiri nyingine, "tik". Hapo ndipo watu huanza kuilaani chapa ya betri, wakati huenda ugonjwa ulikuwa kwenye waya mnene mmoja ulioliwa na kutu chini ya injini, waya ambao spana, msasa na dakika ishirini vingeutibu.

Tangu barabara ya mchepuo ya kilomita 42 inayozunguka kusini mwa mji hadi Usa River ianze kutumika, malori ya masafa marefu hayalazimiki tena kupita katikati ya Arusha. Yanayobaki kwenye barabara pana ya Sakina hadi Tengeru, ile inayopita Kimandolu, mengi ni ya kazi za hapa hapa: tipa za mchanga na moramu, Fuso za ndizi zinazowahi soko la Tengeru Jumatano na Jumamosi, Canter za kuhamisha vyombo. Mengi yalitoka Japani yakiwa yameshafanya kazi miaka mingi. Ndiyo malori ambayo ugonjwa wa umeme huyakuta zaidi, na ndiyo ambayo mwenyewe anaweza kuyaelewa bila kompyuta.

Kwanza tutenganishe malalamiko. Mwenye lori akisema gari haliwaki, anaweza kuwa na maana mbili ambazo hazina undugu. Injini inayozunguka vizuri lakini haishiki ina shida ya mafuta au hewa: chujio limeziba, hewa imeingia kwenye mpira wa dizeli, sumaku ya kuzimia injini haifungui njia. Hiyo tuiache kwa fundi wa pampu. Injini isiyozunguka kabisa, au inayozunguka kwa uvivu, ni kesi ya umeme, na kesi hiyo mara nyingi imeanza siku nyingi kabla, mahali pengine kabisa, pale ambapo lori liliacha kuchaji na hakuna aliyeona.

Dizeli ina tabia moja inayolifanya jambo hili kuwa zito. Haina plagi ya cheche. Rudolf Diesel, aliyefanikiwa kuiendesha injini yake huko Augsburg, Ujerumani, mwaka 1897, aliacha hewa yenyewe iwe kiberiti: inabanwa mara kumi na saba au zaidi mpaka joto lake linapita nyuzi 500, ndipo dizeli inapuliziwa ndani na kushika moto. Kubana hewa kiasi hicho kunataka nguvu, tena kwa kasi. Piston ikipanda polepole, joto linapotelea kwenye chuma baridi cha silinda kabla dizeli haijafika. Ndiyo maana stata dhaifu inaweza kuizungusha injini na bado usipate kitu zaidi ya moshi mweupe. Na ndiyo maana malori hutumia volti 24, yaani betri mbili za volti 12 zilizofungwa mfululizo, hasi ya moja ikishikana na chanya ya nyingine.

Wazee wanaokumbuka Bedford za zamani watakuambia kuhusu hendeli, chuma kilichopenyezwa mbele ya radieta na kuzungushwa kwa mabega. Injini ikirudisha nyuma, mkono ulivunjika. Mmarekani Charles Kettering ndiye aliyelimaliza tatizo hilo kwa kutengeneza stata ya umeme iliyoanza kuuzwa kwenye Cadillac za mwaka 1912. Tangu hapo kazi ya mabega ilihamia kwenye betri, na lawama pia.

Sikiliza kabla ya kugusa

Kipimo cha kwanza hakihitaji kifaa. Washa taa kubwa za mbele, mtu mmoja asimame azitazame, mwingine azungushe ufunguo. Taa na sauti kwa pamoja zitakuambia nusu ya kesi.

Taa zikiwa hazipo kabisa, hata za dashibodi, umeme haujatoka kwenye betri: swichi kuu imezimwa, taminali imelegea, fyuzi kubwa imekatika. Watu wameshavuta lori kwenda gereji kwa sababu ya taminali iliyolegea nusu mzunguko.

Taa zikibaki angavu vilevile na stata isitoe sauti yoyote, umeme upo ila amri haifiki. Hapa betri haihusiki hata kidogo. Tafuta kwenye swichi ya ufunguo, kwenye rilei, kwenye swichi ya gia au ya klachi inayozuia gari kuwaka likiwa kwenye gia, na kwenye waya mwembamba unaokwenda kwenye solenoidi ya stata. Solenoidi ni ile sumaku iliyokaa mgongoni mwa stata. Kazi yake ni kusukuma meno ya stata yashike flaiwili, na wakati huohuo kufunga njia ya umeme mkubwa.

Taa zikibaki angavu na ukasikia "tik" moja nzito, amri imefika na solenoidi imeitikia, lakini umeme mkubwa haujapita. Mara nyingi vipande vya shaba vilivyo ndani yake vimeungua, au kaboni za stata zimekwisha. Ndiyo sababu ya ule uganga maarufu wa kuigonga stata kwa nyundo: kaboni iliyokwama inashtuka, inagusa, lori linawaka. Uganga huo unafanya kazi kweli, lakini ni majibu ya uchunguzi zaidi kuliko tiba. Ukiona nyundo imesaidia, umeshajua kwamba stata inataka kufunguliwa, na betri uiache.

"Tik-tik-tik-tik" ya haraka huku taa zikififia na kurudi ni kitu kingine. Solenoidi inavuta, stata inaanza kula umeme, volti zinaanguka, solenoidi inaachia, volti zinapanda, inavuta tena. Hapo ndipo betri inaingia kwenye orodha ya watuhumiwa, pamoja na nyaya zake. Na taa zikizimika karibu kabisa pamoja na "tik" moja, usiendelee kulazimisha. Kabla hujaiunguza stata, chukua spana kubwa na ujaribu kuizungusha injini kwa mkono kwenye puli ya mbele. Maji yaliyovuja kupita gasketi ya silinda hedi na kujaa juu ya piston hayabanwi; hakuna betri duniani itakayoizungusha injini hiyo.

Kuna pia stata inayolia kwa kasi kama filimbi huku injini imetulia. Hiyo inazunguka peke yake. Bendiksi, yaani yale meno ya stata, imeisha au meno ya flaiwili yameliwa. Inafurahisha kwamba hata kwa sauti hiyo, yenye nguvu tele za betri ndani yake, wapo watakaokuambia ununue betri.

Mita

Ohm, Mjerumani aliyechapisha kanuni yake mwaka 1827, hakuwahi kuona lori, lakini kanuni hiyo ndiyo inayoeleza kwa nini waya wenye kutu unaweza kuwasha taa na kushindwa kupiga stata. Volti zinazopotea njiani ni sawa na ampea zinazopita mara ukinzani wa njia. Stata za malori ya ukubwa wa Fuso huwa na nguvu ya takriban kilowati 5. Kwa volti 24 hiyo ni zaidi ya ampea 200, na katika nukta ya kwanza, injini inapong'olewa kutoka kwenye kusimama, zinapanda mara mbili au tatu. Sasa weka kutu mahali fulani njiani, kutu yenye ukinzani mdogo wa omu 0.02. Taa ya kabini inayokula ampea 1 itapoteza volti 0.02; haitahisi kitu. Stata inayovuta ampea 400 itapoteza volti 8 hapohapo. Kutoka 24 zimebaki 16, na stata inasema "tik".

Ndiyo maana fundi akikuonyesha kwamba taa zinawaka, au akigusisha waya na kukuonyesha cheche, hajakuonyesha kitu kuhusu njia ya stata. Na ndiyo maana ukinzani huo hauonekani ukiupima kwa mita gari likiwa limetulia. Lazima upimwe umeme mkubwa ukiwa unapita.

Mita ya dijiti ya kawaida, ile ya mkononi yenye waya mwekundu na mweusi, bei yake ni sehemu ndogo ya bei ya betri moja. Anza lori likiwa limelala usiku kucha. Pima kila betri peke yake, juu ya risasi yenyewe ya kichwa cha betri, usiguse taminali. Betri iliyojaa inasoma volti 12.6 au 12.7. Volti 12.2 ni nusu. Ikisoma 11.9, ni tupu, na betri tupu haijafa. Inadai kuchajiwa kabla ya kuhukumiwa. Nasema peke yake kwa sababu mbili zikipimwa pamoja zinaficha siri: volti 24.4 zinaweza kuwa 12.2 na 12.2, au 12.7 na 11.7, na hizo ni hadithi mbili tofauti kabisa.

Sasa mwenzako apige stata huku wewe ukitazama. Betri nzima itashuka, lakini isianguke chini ya volti 9.6 au hapo karibu kwa kila moja. Ikianguka hadi 6 ilhali ilikuwa imejaa, hapo kweli betri ina kesi ya kujibu. Lakini kama inabaki 11 na zaidi huku stata inajivuta au inagoma, betri inatoa na kuna anayepora njiani.

Kumpata mporaji ni kazi nyepesi kuliko inavyosikika. Weka ncha nyeusi kwenye kichwa cha hasi cha betri inayokwenda kwenye chesisi, ncha nyekundu kwenye chuma kisafi cha injini. Mita itasoma sifuri. Mwenzako apige stata. Ikipanda hadi nusu volti, au hata volti moja, si neno. Ikisoma volti 4 au 5, umempata: ethi, yaani njia ya hasi kati ya betri na injini. Rudi nyuma hatua kwa hatua, kutoka kichwa kwenda kwenye taminali, taminali kwenda kwenye waya, waya kwenda kwenye chesisi, chesisi kwenda kwenye injini. Mahali namba inaporuka ndipo penye kutu. Kisha fanya vivyo hivyo upande wa chanya, kutoka kichwa cha betri hadi kwenye boliti nene ya stata.

Nimekaa kwenye ethi makusudi. Injini imekaa juu ya mipira, haigusani na chesisi kwa chuma. Kinachoziunganisha kwa umeme ni mkanda mmoja uliosukwa kwa nyuzi za shaba, unaoning'inia chini, unaopigwa tope wakati wa masika na vumbi wakati wa kiangazi. Injini ikishushwa kwa matengenezo, mkanda huo husahaulika, au hurudishwa juu ya rangi na grisi. Lori likiukosa, umeme hutafuta njia nyingine: waya wa akselereta, waya wa mwendokasi. Ukiona waya wa akselereta unapata moto wakati wa kupiga stata, acha kila kitu uende ukatazame ethi.

Taa ndogo nyekundu

Kupiga stata kwenyewe kunakula umeme kidogo kuliko watu wanavyodhani. Ampea 300 kwa sekunde 4 ni theluthi moja tu ya ampea-saa, kutoka kwenye betri yenye 120 au 150. Altaneta nzima, ile mashine ya kuchaji, inairudisha kwa dakika moja au mbili. Kwa hiyo betri nzuri iliyo tupu asubuhi ina maana moja kati ya mbili: haikujazwa jana, au imenyonywa usiku.

Tuanze na kujazwa. Injini ikiwa inafanya kazi, taa kubwa zimewashwa, volti kwenye betri mbili kwa pamoja ziwe kati ya 27.5 na 28.5. Zikibaki 24 na kitu na kuendelea kushuka, altaneta haichaji. Zikipita 30, regyuleta, kidhibiti cha volti, imekufa kwa upande wa pili na betri zinachemka; mwenye lori anayeongeza maji ya betri kila wiki angepima hapo kwanza.

Lisipochaji, watu hukimbilia kuing'oa altaneta. Subiri. Bonyeza mkanda wa feni. Uliolegea au ung'aao kama umepakwa mafuta unateleza, na altaneta haizunguki inavyopaswa. Kisha tazama taa ndogo nyekundu ya betri kwenye dashibodi. Fungua ufunguo bila kuwasha injini: taa hiyo lazima iwake. Isipowaka, kwenye malori mengi ya zamani umeshapata ugonjwa, kwa sababu taa ile si ya kuonyesha tu. Altaneta haina sumaku ya kudumu inayotosha. Sumaku yake inatengenezwa kwa umeme, na umeme wa kwanza kabisa, ule wa kuiamsha, unapita kwenye balbu hiyo. Altaneta ikishaamka, pande zote mbili za balbu zinakuwa na volti sawa, balbu inazimika, mashine inajilisha yenyewe. Balbu ikiungua, altaneta nzima isiyo na kosa inabaki imelala, au inaamka tu dereva akivuta moto mkubwa. Wapo waliobadilisha altaneta kwa sababu ya balbu. Wapo pia waliopendezesha dashibodi kwa taa za LED, wakaweka LED hadi hapo, wakashangaa lori limeacha kuchaji: LED inapitisha umeme mdogo mno kuiamsha.

Balbu ikiwaka na isizimike injini ikinguruma, ndipo ufungue altaneta. Mara nyingi ni kaboni, vipande viwili vidogo vinavyoisha taratibu, na vumbi letu la udongo wa volkano halivipi maisha marefu. Mara nyingine ni diodi, zile zinazogeuza umeme wa kwenda na kurudi kuwa wa upande mmoja. Diodi iliyotoboka ina ushahidi ninaoupenda: asubuhi kabla hujawasha chochote, weka kiganja kwenye altaneta. Injini yote ni ya baridi. Ikiwa altaneta ina uvuguvugu, umeme wa betri ulikuwa unarudi humo usiku kucha.

Hapo tumeshaingia kwenye kunyonywa. Lori lililozimwa lisile zaidi ya ampea 0.05 au hapo karibu. Unaipima kwa kuchomoa taminali ya hasi na kupitisha umeme ndani ya mita iliyowekwa kwenye ampea. Kifaa cha kufuatilia gari, ambacho madereva hupenda kukisingizia, hakina ubavu wa kumaliza betri kwa usiku mmoja: ampea 0.05 kwa saa 24 ni ampea-saa 1.2, na betri ya 120 ingehimili wiki nyingi. Taa za mapambo zinazokula ampea 2 na kusahauliwa tangu saa moja jioni hadi alfajiri ni jambo jingine. Zinakula zaidi ya 20.

Lakini mnyonyaji mkuu wa Fuso na Canter zetu ni redio. Lori ni la volti 24, redio iliyonunuliwa dukani ni ya volti 12, chaja ya simu na taa za ndani vilevile. Njia ya mkato inajulikana: waya mmoja unafungwa katikati ya betri mbili, volti 12 hizi hapa, muziki unaendelea. Betri ya chini inalisha redio peke yake; ya juu haitoi kitu. Altaneta haioni betri mbili, inaona mfululizo mmoja wa volti 28, na inasukuma umeme uleule katika zote. Ya chini haijai kamwe, ya juu inajazwa kupita kiasi na kuchemka. Baada ya miezi kadhaa moja ni 11.7 na nyingine inakunywa maji. Mwenye lori ananunua mbili mpya, anazifunga, na waya wa redio unarudishwa palepale. Konveta ya kushusha volti 24 kuwa 12 ingemaliza hadithi hii. Anayenunua betri moja mpya na kuioanisha na ya zamani anafanya kitu cha jamii hiyohiyo: ya zamani itaifundisha mpya uzembe.

Maji nayo tuyaseme, kwa sababu tuko chini ya Meru. Maji ya huku yana madini, na floridi yake imeshaacha rangi kwenye meno ya vizazi. Betri inataka maji yaliyosafishwa madini yote, yanayouzwa kwa ajili hiyo. Ya bomba au chemchemi, hata yawe matamu vipi kinywani, yanaacha madini yake kwenye sahani za risasi. Wala usiongeze asidi pale yalipopungua maji tu. Asidi haivukizi, imebaki mle ndani.

Na baridi? Baridi inasingiziwa kidogo. Joto ndilo linaloua betri. Kila nyuzi 10 zinazozidi 25, umri wake hupungua kwa karibu nusu. Betri iliyopikwa miaka miwili kwenye safari za Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 600 kutoka hapa, inaweza kuendelea kupiga stata huko huko pwani bila kulalamika. Siku lori linapolala Kimandolu mwezi Julai, oili imekuwa nzito, kemia ya betri imepungua kasi, ndipo maiti inagunduliwa.

Michezo ya kuacha

Kuna mchezo wa kupima altaneta kwa kuchomoa taminali ya betri injini ikiwa inafanya kazi. Injini isipozimika, wanasema altaneta ni nzima. Kwenye dizeli nyingi za pampu ya kawaida kipimo hicho hakina maana yoyote, kwa sababu injini hizo hazihitaji umeme kuendelea kufanya kazi. Kinachopatikana ni kingine: betri ndiyo inayotuliza volti, ikichomolewa ghafla volti za altaneta zinaruka juu mno na kuua diodi na regyuleta zilizokuwa nzima. Lori lililofika gereji na ugonjwa mmoja linaondoka na miwili.

Mwingine ni wa kulala chini ya lori na kuunganisha stata kwa bisibisi. Gia ikiwa imebaki ndani, dizeli inaweza kushika hapohapo, na lori litatembea juu ya aliyelala. Na betri inayochaji hutoa haidrojeni, gesi inayolipuka. Ya kumulikia iwe tochi ya simu, kiberiti kibaki mfukoni. Ukibusti kutoka lori jingine, waya wa mwisho, wa hasi, ufunge kwenye chuma cha injini mbali na betri, ili cheche isitoke penye gesi.

Lawama zisiende zote kwa fundi. Mwenye lori hulipia anachokiona. Betri mbili mpya zinaonekana; dakika ishirini za kupima hazionekani. Fundi aliyegundua ethi mbovu na kuisafisha kwa msasa ataambiwa "chukua ya soda", wakati aliyesimamia ununuzi wa betri ataondoka na zaidi. Kwa malipo ya namna hiyo, mjinga ni nani anayepima? Ujuzi wenyewe haupo mbali: Chuo cha Ufundi Arusha kipo mjini tangu 1978, na VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, ina utaratibu wa kuwapima na kuwapa vyeti mafundi waliojifunzia kazini. Kinachokosekana gereji ni bei ya kupima, iandikwe ukutani, ilipwe hata kama hakuna kifaa kilichobadilishwa.

Betri zilizohukumiwa nazo zina mahali pa kwenda. Ya lori inaweza kupita kilo 30, sehemu kubwa ikiwa risasi, na wanunuzi wa vyuma chakavu wanaijua thamani yake. Inakoyeyushwa vibaya, watu huumia. Mtaa wa Owino Uhuru huko Mombasa uliishi jirani na kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu. Phyllis Omido, aliyewahi kufanya kazi hapo na mtoto wake akakutwa na sumu ya risasi, aliongoza mapambano yaliyompa Tuzo ya Goldman ya mazingira mwaka 2015, na mwaka 2020 mahakama ya Mombasa iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Betri inayotupwa kwa sababu ya mkanda wa ethi haiishii kwenye hasara ya mwenye lori.

Bado kuna dereva anayesema yeye hana shida na hayo yote. Ardhi ya Kimandolu inashuka kutoka mlimani kwenda kusini, na jioni huliegesha lori uso ukitazama chini. Asubuhi anaachia breki, anatia gia ya pili, anaachia klachi, injini imewaka. Mbinu hiyo inafanya kazi kwa miezi, na kwa miezi hiyo hakuna anayejua kwamba altaneta ililala zamani. Inakoma siku upepo wa breki umevuja usiku na springi za breki zimekamata matairi, au siku anapopewa lori jipya zaidi. Hayo ya kompyuta yanataka volti za kutosha ndipo nozeli zifunguke, na yenye gia za kujibadilisha hayakubali kusukumwa kabisa. Unaweza kuliachia lishuke hadi Tengeru na lisiwake.